Marangirangi kwenye Ukuta wa Mama

Kama kuna kazi Bi Fremu aliijua vizuri, ni kuuza picha isiyo na kitu. Simsemi vibaya, ndiyo biashara yake. Duka lake lilijaa nakala za michoro ya dhahania, zile picha ambazo hazina mtu, hazina mti, hazina hata kuku: doa jekundu hapa, mstari mweusi pale, na manjano imemwagika katikati kana kwamba mchoraji aliitwa mlangoni akaacha kopo wazi. Watu wa mtaani waliziita marangirangi. Yeye aliziita picha za kisasa. Alizitia fremu, akazifuta kioo kikang'aa, na mteja akikunja uso kuuliza hii ni nini sasa, alimjibu kwa sauti ya upole, "Hii haisomwi, dada. Hii unaitundika juu ya kochi, unaiacha ikutulize." Na mteja alitulia kweli, akaondoka nayo kwapani.

Mdomo anao, nani asiyejua? Lakini asubuhi ninayoisimulia mdomo huo ulikuwa umemkauka. Alikuwa amefunga duka kwa ndani, ametandaza blanketi juu ya meza ya kukatia, na mbele yake kulikuwa na picha tatu za zamani za familia. Kisu alikuwa amekiweka chini. Mama yake mzazi angerudi nyumbani kesho yake kutoka kliniki ya macho, amefanyiwa upasuaji, anaona. Na ukutani kwa Mama, mahali picha hizi tatu zilipopaswa kuwa, yalikuwa yametundikwa marangirangi.

Ngoja nieleze vizuri, maana ukisikia hivi hivi utadhani mwanamke huyu ana wazimu.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ilianza kama ukungu, akawa anailaumu taa. Baadaye akawa anamsalimia mtu akidhani ni mtu, kumbe koti kwenye msumari. Mwishoni alibaki kutofautisha mwanga na giza tu. Lakini ukuta wa sebuleni kwake aliujua kwa vidole. Kulikuwa na fremu tatu za mbao ngumu nyeusi, kazi ya mikono ya marehemu mume wake, fundi seremala, aliyeziunga bila msumari hata mmoja, pembe zimeumana kama meno. Kwenye fremu ya kwanza alikuwamo marehemu mwenyewe, amesimama kando ya benchi lake la kazi amevaa koti la kuazima. Ya pili ilikuwa ya siku ya harusi. Ya tatu ilikuwa ya watoto wawili wenye sare za shule, Bi Fremu na kaka yake, yule aliyefariki angali kijana, na hiyo ndiyo picha pekee iliyobaki ya kijana yule.

Pembeni mwa kila fremu Fundi alikuwa amechonga alama ndogo kwa patasi, kila moja na yake. Kila jioni Mama alipita pale ukutani, akapapasa alama, akasalimia. "Umeshindaje, Fundi?" Halafu anasogea hadi ya tatu. "Na wewe baba, huko uliko umekula?" Mwingine angecheka. Katika nyumba ile hakuna aliyecheka.

Sasa, wakati huo alikuja dukani mama mmoja mwenye nyumba mpya. Jirani yao, Mama Pacha, baadaye alimpa jina la Madamu Sofa, kwa sababu kila sentensi yake ilianzia kwenye sofa na kuishia kwenye sofa. Madamu Sofa alichagua marangirangi matatu, akayapenda kufa, lakini fremu alizikataa zote. "Hizi fremu zako zinanuka kiwanda," alisema. "Mimi nataka mbao za zamani. Fremu zenye maisha ndani yake, zinazoendana na sofa langu." Akageuka kuelekea mlangoni.

"Ninazo," Bi Fremu alisema.

Neno lilimponyoka. Si kwamba alikuwa na njaa, duka lilikuwa linakwenda. Ilikuwa ni ile hamu ya kuona vitu vyako vimetundikwa kwenye nyumba ya watu wazito, waje wageni waulize nani amekufanyia hivi, utajwe wewe. Alijipooza moyo kwa maneno ya haraka haraka: Mama haoni. Mbao ni mbao tu. Picha atazirudisha, na fremu nyingine zipo tele.

Siku hiyo hiyo, Mama akiwa kwa Mama Pacha anapiga soga, Bi Fremu alizishusha fremu za baba yake akamuuzie Madamu Sofa. Ukuta usibaki mtupu, akatundika marangirangi matatu yaliyokuwa yamekosa mnunuzi, yenye ukubwa ule ule, kwenye fremu zake za kiwandani. Mama aliporudi na kupitisha mkono ukutani, mkono ulisimama.

"Hii ni nini?"

"Mchwa, Mama," Bi Fremu alisema, na sauti yake haikutikisika hata kidogo, ndicho kitu kilichomtisha baadaye. "Fremu zimeingiwa na mchwa. Nimezitupa kabla hawajafika kwenye picha. Picha ni zile zile, nimezitia fremu mpya."

Mama alipapasa pembe zile laini zisizo na alama, moja baada ya nyingine. "Masikini Fundi," alisema. "Mbao ile alisema hata shoka linaiogopa." Akavuta pumzi. "Haya. Bora picha zimepona. Umefanya la maana mwanangu. Ndiyo raha ya kuzaa mtoto mwenye duka la fremu."

Bi Fremu alikwenda jikoni, akafungua maji ya bomba yakamwagika bure, mradi tu pasiwe kimya.

Aliapa kuzirudisha picha juma lile lile. Lakini picha ya Baba ilikuwa imegandana na kioo kwa unyevu wa miaka, na mtu wa fremu anajua, picha iliyoganda kwenye kioo ukiivuta inabaki na nusu ya uso. Alijaribu kuikwangua pembeni kidogo, ikachanika karibu na bega, akaacha mara moja. Kioo kile akakiegemeza nyuma ya duka kikiangalia ukuta, kimefunikwa gunia. Akasema kesho, atazirudisha zote tatu kwa pamoja. Kesho ikazaa kesho nyingine. Na kadiri alivyochelewa ndivyo alivyozidi kuogopa kuanza.

Aibu kubwa ilikuja na wageni. Mama alipenda kuwaonyesha picha. Alisimama mbele ya ukuta, akanyoosha kidole kwenye doa la manjano lililovuka mstari mweusi, akasema kwa fahari, "Huyu ndiye Fundi wangu. Mtazameni alivyosimama." Wageni walitazama doa. Walimtazama Bi Fremu. Bi Fremu aliweka kidole mdomoni, na kwa kuwa watu wana adabu zao, walijibu, "Eeh, mzee alikuwa mtanashati." Kila "mtanashati" ilimchoma. Mama Pacha ndiye peke yake aliyemvuta jikoni akamuuliza waziwazi kulikoni.

"Picha ziko kwenye matengenezo," Bi Fremu alimnong'oneza. "Fremu zililiwa na mchwa. Usimwambie, nakuomba."

"Mimi simo," Mama Pacha alisema, akiwa ameshaingia mzima mzima.

Sasa sikiliza jambo hili. Watu walimsifu sana Bi Fremu kwa kumhangaikia mama yake. Ni yeye aliyezunguka kutafuta daktari, akapanga foleni, akabembeleza apewe nafasi ya karibu. "Huyo ndiye mtoto," walisema mtaani. Hawakujua kilichokuwa kinamkimbiza. Hakuwa na usingizi. Alitaka Mama aone, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusimama pale kila siku na kumtazama akilisalimia doa. Na hapo hapo alitaka asione, wala asikaribie kuona, maana angeliona hilo doa lenyewe. Mtu mmoja, mambo mawili, na yote yanamvuta.

Upasuaji ulipopangwa, alipiga moyo konde akaenda kwa Madamu Sofa kuziomba fremu. Alikaribishwa, akaketi kwenye lile sofa lenye sifa, akainua macho ukutani. Marangirangi yake matatu yalikuwapo. Fremu nazo zilikuwapo. Lakini zilikuwa nyeupe pe.

"Umeziona?" Madamu Sofa alisema kwa furaha. "Weusi ule ulikuwa unameza sebule. Fundi rangi kazipiga msasa, kaziba vile vidude vilivyochongwa pembeni, kapaka rangi. Sasa zinaongea na sofa."

"Nilikuwa nataka kuuliza kama unaweza kunirudishia."

"Picha? Chukua hata leo, dada, zimeshanichosha. Fremu ndizo ninazozipenda."

Bi Fremu aliaga. Njiani alilia kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ile hasira isiyo na mtu wa kumtupia.

Kwa hiyo asubuhi ile dukani alikuwa ameamua angalau kuokoa kinachookoleka. Alimwomba Mama Pacha akakae na Mama kliniki, akasingizia kuna mteja hawezi kumkwepa. Mama angelala huko usiku mmoja zaidi. Yeye angezitia picha kwenye fremu nyeusi za dukani, azitundike mchana, kesho Mama akija akute sura za watu wake. Ya harusi ilikuwa tayari. Ya watoto ilikuwa tayari. Ya Baba aliamua kuitia na kioo chake, vile vile kilivyo, na alikuwa anakipima kioo kile kwa uangalifu wa kubeba yai, simu ilipolia.

"Wewe uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama Pacha, ya chini chini. "Daktari kasema hakuna haja ya kulala. Kamtoa bandeji, kampa miwani ya jua, katuruhusu. Nimeshamfikisha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwani ana nyumba ngapi? Yuko sebuleni."

Bi Fremu alikiweka kioo mezani. "Ameona ukuta?"

"Hajaona kitu. Amefumba macho tangu bandeji ilipotolewa, nimemwongoza kama mzigo wa vyombo. Anasema hafungui mpaka uje wewe. Anasema wewe ndiye uliyemtafutia macho, kwa hiyo utakuwapo akimwona Baba yenu. Njoo, mwenzio jasho linanitoka."

Bi Fremu alizifunga picha zote tatu, ile ya Baba na kioo chake, ndani ya blanketi, akatoka mbio. Watu walimpisha njiani wakidhani amebeba mtoto mgonjwa. Alipita mlango wa nyuma, akaficha blanketi jikoni nyuma ya mlango, akafuta uso kwa kanga iliyokuwa imeanikwa, akaingia sebuleni.

Mapazia yalikuwa yamevutwa kama daktari alivyoagiza, chumba kina mwanga hafifu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miwani myeusi usoni, mikono mapajani.

"Umekuja mwanangu? Nimekaa hapa nimefumba macho kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha."

"Nimekuja, Mama. Sikiliza, daktari amesema upumzike. Lala kwanza. Jioni ndiyo..."

"Nimelala miaka." Mama alicheka, akanyoosha mkono ainuliwe. "Nipeleke kwa baba yako."

Hapo ndipo angesema. Mnajua nyote, na yeye alijua. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Alimshika Mama mkono, ule mkono uliokuwa na joto na furaha, ukimvuta mbele kwa hamu. Akampeleka. Hatua kwa hatua akampeleka mama yake mbele ya doa la manjano.

Mama alivua miwani. Akafumbua macho.

Mama Pacha alikumbuka kwamba kuna sufuria jikoni, akatokomea, na hakukuwa na sufuria wala moto.

Mama alitazama picha ya kwanza. Alipepesa macho, akatazama tena. Alisogeza uso karibu, akaurudisha nyuma. Akageukia ya pili, lile doa jekundu lenye vipande vya kijivu, na ya tatu, ile ya mistari ya buluu inayokatana ovyo. Bi Fremu alisimama nyuma yake akisubiri kelele, tusi, kofi, lolote. Alilitamani hata kofi.

"Ehee," Mama alisema polepole. Akainua kidole, akakiweka kwenye kioo, pale pale alipokuwa akikiweka siku zote. "Huyu hapa Fundi wangu. Amependeza na koti lake."

 Kwa muda Bi Fremu alidhani Mama amejua, anamkejeli tu, anamtesa kidogo kabla ya kummaliza.

"Na harusi hii," Mama aliendelea, na sauti ilikuwa inang'ang'ania kubaki juu. "Nguo yangu ilivyong'aa. Na wanangu hawa. Mko wazuri." Akavaa miwani yake haraka haraka kama mtu anayefunga mlango wa chumba kilichovurugika. "Naona, mwanangu. Naona vizuri kabisa. Mungu akubariki. Sasa nipeleke nikajinyooshe, mwanga unaniuma."

Kejeli gani hiyo? Uso wa Mama ulikuwa umesawijika. Bi Fremu alimlaza, akamfunika, akatoka bila kuelewa, au tuseme akikataa kuelewa.

Mchana ule majirani walianza kumiminika kutoa hongera. Mama alitoka na miwani yake usoni, akaketi, akaitikia. "Naona, ndugu zangu, naona!" Walipomwambia atazame hiki na kile alitaja daktari na mwanga mkali, akainamisha kichwa, macho ameyafumba nyuma ya miwani. Na wote walimshukuru Bi Fremu. Bibi mmoja alimshika mikono yote miwili akamwambia amempa mama yake dunia. Bi Fremu alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mama aliomba kurudi kitandani. Safari hii alimwomba Mama Pacha ampeleke. Bi Fremu alikuwa anawafuata na kikombe cha maji, na mlango wa chumba ulikuwa haujafungika vizuri.

"Funga," alisikia Mama akisema. Halafu, sauti ikiwa imevunjika kabisa, "Jirani, sioni."

"Huoni vipi tena?"

"Sioni. Daktari kashindwa. Nimesimama mbele ya mume wangu nimeona rangi tu. Rangi zimekorogeka, hazina kichwa wala miguu. Mtoto wangu marehemu nimeona mistari. Nilikuwa nimejiambia nitauona uso wake hata mara moja tu kabla sijafa." Alilia kidogo, kilio cha kujiziba mdomo kwa shuka. "Usimwambie binti yangu. Amehangaika na mimi mno. Akijua imeshindikana atavunjika. Acha aamini naona. Nitazoea. Nilishazoea mwanzo."

Mama Pacha alitoka chumbani, akamkuta Bi Fremu ameegemea ukuta wa korido, maji yamemwagikia miguuni. Akamshika mkono akamburura hadi jikoni.

"Sasa nisikilize vizuri," alisema, macho yamemtoka. "Wewe umeniambia usimwambie Mama. Mama ameniambia usimwambie binti. Mimi si kabati la siri zenu! Mwanamke mzima amelala mle ndani anaomboleza macho yake mazima, na wewe picha umezificha hapa nyuma ya mlango nimeziona! Ingia ukaseme, au naingia mimi, na mimi sijui kusema kwa upole."

Bi Fremu alichukua blanketi. Alijikaza kisabuni, akaingia.

"Mama."

Mama aliketi upesi, akajipangusa chini ya miwani. "Ee mwanangu. Nilikuwa nafikiria jinsi picha zile zilivyo..."

"Mama, usiniambie uongo, wangu umenitosha." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Zile ukutani si picha zenu. Ni zile za dukani. Marangirangi. Hazina mtu ndani. Nilizitundika mimi ukiwa huoni, nikakwambia ni zile zile. Umeona rangi kwa sababu ni rangi, Mama. Hakuna kitu kingine pale."

 Sauti za wageni zilisikika sebuleni, na kijiko kikigonga kikombe.

"Kwa hiyo," Mama alisema, taratibu, kama mtu anayejaribu ubao kabla ya kuukanyaga, "yale marangirangi ni marangirangi kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo naona?"

"Unaona, Mama. Nisamehe."

Mama hakusubiri hata mwisho wa neno hilo. Alivua miwani akaitupa kitandani. "Fungua pazia! Fungua!" Bi Fremu alifungua. Mama alitazama kiganja chake, akakigeuza. "Niliuona mkono wangu pale ukutani, nikasema nauona kwa sababu naujua tu! Lo! Nimejililia bure!" Alicheka huku machozi yakimtoka, akampiga Bi Fremu makofi begani, la kwanza kwa furaha, la pili kwa nguvu zaidi. "Na wewe mshenzi wewe! Umenisimamisha mbele ya watu nikisifu doa! Nimelisalimia doa! Nimeiuliza mistari kama imekula!"

"Nisamehe, Mama."

"Ziko wapi?"

Bi Fremu alifungua blanketi. Mama alianza na ya watoto. Aliishika kwa muda mrefu, midomo ikienda bila sauti, akaubusu uso wa yule kijana na kuacha ukungu kwenye kioo. Akatazama ya harusi. Mwisho akapewa kile kioo kisicho na fremu, Baba amegandana nacho, bega limechanika kidogo.

"Ameganda," alisema, akapitisha kidole. "Mwache hivyo hivyo, msimbandue. Na lile koti, kumbe lilikuwa linambana." Akacheka tena, safari hii kwa utulivu. Alikuwa amemsamehe. Ilionekana usoni, wala hakuwa na haja ya kulisema. 

"Sogea na wewe nikuone."

Alisogea. Mama alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Una mvi."

"Ee, Mama."

"Nani kakuruhusu?" Akaendelea kumkagua, kidevu kimo mkononi. "Masikio ya baba yako hayo. Siwezi kukukasirikia ukiwa na masikio hayo. Picha zipo, mimi naona, nitake nini tena?" Akatikisa kichwa. "Sema zile fremu tu ndizo zinaniuma mpaka leo. Hawa mchwa nao! Katika nyumba nzima hawakuona mlango, hawakuona kabati, wakaenda kula mikono ya mume wangu."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, hata Mama Pacha aliamini habari ya mchwa. Mama alikuwa anacheka. Angeitikia tu, "Mchwa hao, Mama," na jambo lingekwisha pale, wakaenda sebuleni kunywa chai. Lakini kidevu chake kilikuwa mkononi mwa mama yake, na jicho lile lilikuwa linamtazama kwa karibu, safi, halina ukungu, na Bi Fremu alishindwa.

"Hakukuwa na mchwa, Mama."

"Nini?"

"Nilimpa mteja. Alitaka fremu za zamani. Ndani ametia marangirangi. Nilikwenda kuziomba. Amezipaka rangi nyeupe. Zile alama za Baba ameziziba."

Mkono wa Mama ulibaki kwenye kidevu. Alimtazama binti yake usoni, kila sehemu, kama mtu anayesoma. Kisha akakiachia kidevu, polepole, bila hasira. Mkono wake ukapapasa shuka kwa mazoea ya zamani, ukaipata miwani. Akaivaa.

"Vuta pazia," alisema.

"Mama..."

"Vuta pazia. Mwanga unaniuma."

Bi Fremu alisimama, akavuta pazia. Sebuleni Mama Pacha alikuwa akiwahakikishia wageni kwa sauti kubwa kwamba Mama sasa anaona vizuri kabisa, anaona kila kitu.